Alama za Askari wa Kijerumani: Jinsi ya Kuijua Iliyo Kweli

Miongoni mwa athari ambazo utawala wa Wajerumani uliziacha Tanga, hakuna zinazohitaji jicho la subira kama alama za sare za askari, yaani tai wa kofia, tepe za cheo na vifungo, ambazo pengine hutoka makashani mwa nyumba za Ngamiani na kuuzwa kwa bei isiyolingana na hadhi yake.

Atakaye kukusanya na aanze kwa tarehe. Jeshi la askari hao lilitokana na kikosi cha Hermann von Wissmann cha mwaka 1889, ambacho shina lake lilikuwa askari wa Kisudani walioandikwa Misri, na ndiyo maana vyeo vyake vilikuwa ombasha, shaushi, bashaushi, soli na efendi. Ombasha alivaa utepe mmoja mwekundu mkononi, na tepe zikazidi hata nne za soli. Jihadhari na mchanganyiko, kwa kuwa majeshi ya Kiingereza na Kihindi yaliyoteremka Ras Kasone, hapo Tanga, Novemba 1914 yalishindwa na kurudi melini yakiacha vifaa vingi nyuma. Si kila shaba ya kale ya Tanga ni ya Mjerumani.

Mtihani mkuu ni tai wa madini meupe aliyekaa mbele ya tarbushi. Mtazame juani kwa kioo cha kukuzia. Aliye kweli alipigwa kwa chapa ya chuma, hivyo manyoya yake yamekatika kwa ukali na ngao ndogo ya kifuani inasomeka. Wa bandia amesubiwa katika kalibu, naye aghalabu ana vitundu vya hewa usoni, mshono uliopitiwa tupa ukingoni, na manyoya yaliyolainika hata mahali kidole kisipofika. Hapo ndipo penye siri yote, maana uchakavu wa haki huanza palipoinuka, kichwani na mabawani, ukayaacha mabonde na makali yake. Kisha mgeuze: lehemu inayong'aa juu ya madini yaliyofifia ni shahidi mbaya.

Kwa utepe, omba ruhusa ya kuvuta uzi mmoja, uuchome. Sufu hunuka kama nywele na kuacha majivu. Nailoni huyeyuka ikawa kijitone kigumu, nayo haikujulikana duniani kabla ya miaka ya 1930.

Lakini iko aina ambayo wanunuzi huidharau pasi na haki, nazo ni alama za vijana wa ngoma ya beni, wale wa vyama vya Marini na Arinoti waliocheza gwaride katika miji ya pwani wakiwa na sare, vyeo na nishani zao wenyewe. Muuzaji asiyejua huziita za jeshi, na mnunuzi ajuaye nusu huziita za uongo, hali ya kuwa ni kazi halisi ya vyama halisi. Mizani yake si chapa bali mkono: tazama usawa wa mshono, uchaguzi wa kitambaa, na ustadi wa mkasi. Mimi naziona bora kuliko tai yeyote aliyetoka Ulaya kwa maelfu.

Ukiipata moja, ndugu msomaji, usiisugue kwa ndimu wala majivu, na uandike siku hiyo hiyo imetoka katika ukoo gani na mtaa gani.