Kumsifu Myeyusha Kioo

Kioo cha kawaida huzuia umeme. Juu ya nguzo, waya hutundikwa kwenye vikombe vya kioo ili mkondo usivuje kwenda ardhini. Ndiyo maana nawastahi mafundi wa maabara wanaoyeyusha kioo cha vanadi: kioo cheusi, kilichojaa oksidi ya metali, ambacho elektroni hupita ndani yake. Watafiti Denton, Rawson na Stanworth walikieleza huko Uingereza mwaka 1954.

Ufundi huanzia kwenye mizani. Oksidi ya vanadi huchanganywa na fosfeti, ikasagwa hadi ikalainika, kisha ikapashwa polepole ili mvuke na gesi zitoke bila mchanganyiko kufurika. Kwenye nyuzi 1000 hivi za Selsiasi, unga wote umekuwa uji. Hapo fundi huumwaga juu ya bamba la chuma na kuugandamiza papo hapo kwa bamba la pili. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hapa baraka imo katika haraka, kwani atomu zikipewa muda hujipanga safu na kuwa fuwele. Zikiwahiwa, huganda katika wavu usio na mpangilio, ule alioueleza mwanasayansi Zachariasen mwaka 1932. Kisha subira hurudi: kipande hupozwa taratibu tanurini kisije kikapasuka.

Lakini siri kuu imo motoni. Atomu za vanadi ndani ya kioo ni za aina mbili: zenye elektroni ya kutoa na zenye nafasi ya kuipokea. Elektroni huruka kutoka moja hadi nyingine, kama abiria anayehamia kiti kitupu. Aina moja ikikosekana, hakuna safari. Mwanafizikia Nevill Mott, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, aliukokotoa mruko huo. Elektroni husogeza atomu jirani, ikajinasa katikati yake. Joto ndilo huipa nguvu ya kutoka. Ndiyo sababu kioo hiki kikipashwa moto hupitisha umeme zaidi, kinyume cha waya wa shaba.

Hapa ndipo moto unapoingia: uwiano wa aina hizo mbili huamuliwa na joto, muda na hewa iliyougusa uji. Vipande viwili vya viambato vilevile, vikipitia mikono miwili, vyaweza kutofautiana kwenye mita. Basi anayechapisha ukinzani wa kioo chake aandike na moto wake. Bila hivyo, hajakieleza kioo hicho.