Elimu ya Muziki ni Nini?

Walimu wengi hudhani ya kuwa elimu ya muziki ni kusoma do-re-mi tu, kwa njia iliyoenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19. Nami nilikuwa mmoja wao. Niliwafundisha watoto ya kuwa nyimbo za wazee hazina kanuni. Nilikosa.

Karne ile ile Wanyamwezi walichukua pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, wakiimba njiani: mmoja hutangulia, wenziwe huitikia. Kupokezana huko ni kanuni. Tena katika Kinyamwezi sauti ya neno hupanda na kushuka, na ikigeuzwa, maana yaweza kugeuka. Basi tukibandika maneno ya Kinyamwezi juu ya tuni ya kigeni bila kuangalia hayo, tuni yaweza kuwa nzuri, lakini maneno yamevunjika, na sala pamoja nayo.

Kwa hiyo elimu ya muziki ni kujua sababu ya wimbo kukaa vile ulivyo. Do-re-mi ni mwandiko wake mmoja. Nasi hatusemi ya kuwa asiyejua kuandika hana lugha.