Turubai Linalotobolewa Makusudi

Ukimwona mtu anachimba shimo bustanini, analitandika turubai zito la plastiki ili maji yasipotee, kisha anashika uma wa bustani na kulitoboa turubai lilelile, utadhani amechanganyikiwa. Kumbe anamwandalia makao Caltha palustris, ua la manjano la vinamasi ambalo Uingereza huchanua Machi hadi Mei, mimea mingine ikiwa ndiyo kwanza inaamka. (Kinachong'aa hapo, kwa taarifa yako, ni sepali, petali halina kabisa.)

Asiye na kidimbwi hujitengenezea kinamasi: shimo la kina cha sentimita 30 hadi 60, turubai, changarawe kidogo, kisha udongo wenye mboji nyingi. Ufundi wenyewe uko kwenye matundu, moja kila baada ya mita moja hivi. Caltha huvumilia maji ya sentimita chache juu ya mizizi, ila majirani zake wengi tutani hawavumilii, na tope lililokosa hewa hunuka kama yai viza. Matundu nayo yakizidi, Julai itaukuta udongo umepasuka na majani yamepata ukungu mweupe kama unga. Chota udongo, ufinye: maji yachuruzike kidogo tu vidoleni. Ukikauka, ongeza maji ya mvua kutoka kwenye pipa, kwani ya bomba mara nyingi huwa na chokaa.

Kwenye mbegu ndipo wengi hukosea. Vitumba vya mbegu hupasuka vikatazama juu, vimejipanga kama nyota yenye vikombe. Tone la mvua likitua humo, mbegu huruka nje pamoja na maji, na kwa kuwa zina tishu za sponji, huelea hadi ukingo mwingine. Mbegu ya namna hiyo haikuumbwa kukaa ndani ya bahasha hadi mwakani. Ipande mbichi, mara tu inapoiva, kwenye trei iliyowekwa ndani ya sahani ya maji. Mwenye haraka asubiri maua yaishe, avae glavu maana utomvu wa Caltha unawasha, aligawe shina.

Mwaka wangu wa kwanza, mwezi Agosti, niliona majani yamenyauka yote. Nikaling'oa shada zima, nikalitupa kwenye lundo la mboji. Lilikuwa limelala tu.