Nani Huchagua Mahali? Wakati, Mwili na Alama za Ngozi katika Kazi za Melville, Tanizaki na Okot p'Bitek

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kuuliza swali moja kila unapokutana na mhusika aliyechorwa ngozi: alama hii ina maana gani? Jibu hutafutwa katika mchoro wenyewe, nao mwili hugeuzwa matini, sawa na ukuta au karatasi. Makala haya yanadai kwamba swali hilo, ingawa ni halali, huja mapema mno. Kabla ya maana kuna maamuzi mawili: alama itiwe lini, na itiwe sehemu gani ya mwili. Katika kazi zinazojadiliwa hapa, mwenye maamuzi hayo ndiye mwenye mwili.

Kiswahili chenyewe kinalidokeza jambo hili. Chale hukatwa kwa wembe au kisu; tatuu, neno lenye asili ya Polinesia lililoingia katika Kiingereza kutokana na safari za James Cook katika karne ya 18, ni rangi inayotiwa ndani ya ngozi kwa ncha kali. Mbinu ni mbili, lakini swali la mtenda ni moja. Mtu huchanja, huchanjwa, au hujichanja. Katika viambishi hivyo vidogo mna suala zima la mamlaka. Neno nembo nalo, ambalo ni alama ya kabila inayochanjwa usoni, ndilo pia jina la alama ya taifa au shirika. Ni kana kwamba lugha inakumbuka kuwa uso wa mtu uliwahi kuwa mali ya wengi.

Melville: mkono badala ya uso

Herman Melville alitunga Typee (1846) baada ya kukaa kwa muda katika kisiwa cha Nuku Hiva, Visiwa vya Marquesas, mwaka 1842. Msimulizi wake, Tommo, anaishi bondeni kama mgeni anayeenziwa na mfungwa asiyeruhusiwa kuondoka. Siku anapomkuta fundi Karky akiwa kazini, fundi huyo anautamani uso wake. Tommo anautoa mkono, Karky anaukataa. Baadaye, akishinikizwa na mtawala Mehevi, anakubali mikono yote miwili ichorwe, tangu juu ya kifundo hadi begani. Mehevi anafurahi, ila anamweleza kwamba uso ndio utakaotangulia. Kisha Tommo anaachiwa uhuru wa kuchagua mtindo: mistari ya kulala, mistari ya mshazari, au pembetatu kama ya mtawala.

Uhuru huo ndio kiini cha tukio. Tommo anaruhusiwa kuchagua mchoro, lakini si mahali, wala si kama achorwe au asichorwe. Anayepewa hiari ya namna baada ya kunyimwa hiari ya mahali hajapewa kitu. Mkono hufunikwa kwa shati. Uso hauna shati. Mkono ungemwacha Tommo arudi kwao akiwa na kisa cha kusimulia, ilhali uso ungekisimulia kisa hicho kabla yeye hajafungua kinywa. Haishangazi kwamba tangu hapo hamu yake ya kutoroka inazidi.

Hata hivyo, haifai mhakiki kuichukua hofu ya Tommo bila kuipima. Ndani yake mna dharau ya mzungu anayeziona nyuso za wenyeji wake kuwa zimeharibiwa. Kwa wenyeji, kumchora ni kumwingiza katika dini na udugu wao. Yeye anaona kupotezwa pale wanapoona kupokewa. Lakini ukarimu usioweza kukataliwa una sura ya amri, na riwaya inaushikilia ukweli huu wa pili bila kuufuta ule wa kwanza.

Katika Moby-Dick (1851) swali hilo limegawanywa kati ya wahusika wawili. Mwili wa Queequeg umejaa maandishi yaliyotiwa na nabii wa kisiwa chake: elimu ya mbingu na ardhi, ambayo mwenye mwili hawezi kuisoma. Ishmael, kwa upande wake, anasema kwamba alichorwa vipimo vya mifupa ya nyangumi kwenye mkono wa kulia, akaacha sehemu nyingine wazi kwa ajili ya shairi alilokuwa akilitunga. Kwa sababu hiyo hakujali inchi za ziada. Mmoja amebeba kitabu asichokichagua. Mwingine ana ngozi tupu ya kupangia. Wingi wa alama za Queequeg umewavutia wahakiki, lakini utupu wa Ishmael nao una maana: ni anasa ya mtu ambaye wakati wake bado haujaamuliwa na wengine.

Melville hakuishia hapo. Queequeg, akiisha kupona maradhi yaliyomfanya achongewe jeneza, ananakili baadhi ya michoro ya mwili wake juu ya kifuniko chake. Hajui kuisoma, lakini safari hii yeye ndiye anayechagua itakaa wapi. Jeneza hilohilo, likiwa limegeuzwa boya, ndilo linalomwokoa Ishmael meli inapozama.

Tanizaki: mgongo wa aliyelala

Hadithi fupi ya Tanizaki Jun'ichirō, "Shisei" (1910), inamsawiri Seikichi, mchoraji ngozi wa Edo, anayesubiri kwa miaka mingi ngozi ya mwanamke mzuri apate kuitia roho yake. Anauona mguu ukichungulia chini ya pazia la machela; baadaye msichana mwenye mguu huo anafika kwake kwa kutumwa. Anaonyeshwa picha za wanawake wanaofurahia maangamizi ya wanaume, anaogopa, anaomba aondoke. Seikichi anamtia dawa ya usingizi, na kufikia asubuhi buibui mkubwa ameenea mgongoni mwake.

Msichana anaamka akiwa mwenye nguvu, na kumtangaza fundi kuwa windo lake la kwanza. Ni rahisi kuisoma hadithi hii kama ushindi wa uzuri. Lakini wakati ulichaguliwa na Seikichi, na mahali pia: mgongo, sehemu ambayo mwenyewe haioni bila kioo. Hata nguvu anazozipata ziliagizwa na fundi kabla ya sindano ya kwanza. Kumwita msichana huyu mshindi ni kuusahau usingizi wake.

Okot: kifua, mgongo na uwanja

Katika Song of Lawino (1966), Lawino anazisifu alama zilizo kifuani na mgongoni mwa msichana wa Kiacholi kama sehemu ya uzuri wake. Mahali hapo si pa kubahatisha. Ngoma anayoitetea huchezwa uwanjani, mwili ukionekana wote, wala hakuna kasoro inayoweza kufichwa. Kifua na mgongo ni kurasa za uwanja huo. Tina, mpinzani wake, hujipaka poda na rangi ya midomo, alama zinazooshwa jioni na kuchaguliwa upya kesho.

Hapa dai la makala haya linakutana na ugumu wake. Katika sifa za Lawino hakuna swali la nani aliyechagua. Alama zipo kama nyota zilivyopo. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na methali hiyo haimwulizi samaki. Lakini alama anazozisifu Lawino zina wenzake: wasichana wengine uwanjani wamezibeba, na wanaozitazama wanajua kuzisoma. Karky anamtaka Tommo peke yake, na Seikichi anamtaka msichana mmoja. Tofauti kati ya kuchanjwa pamoja na kuchanjwa peke yako ni kubwa, ingawa haiondoi haki ya msichana mmoja kuukataa wembe. Utenzi wa Lawino haumpi nafasi msichana huyo, na ukimya huo ni sehemu ya hoja yake.

Hitimisho

Kauli kwamba mwili ni matini imeusaidia uhakiki, lakini imeficha jambo moja: karatasi haiumwi, wala haisubiri kidonda kipone. Mhakiki anayeanza na mchoro huanza mahali alipomalizia fundi. Anayeanza na wakati na mahali atalazimika kumtazama Tommo akinyosha mkono, Queequeg akichonga kifuniko cha jeneza, na msichana wa Edo akiomba aachwe aende zake. Maana ya alama itafutwe baada ya ombi hilo kusikika.