Tambi kwa Vongole: Mchuzi Mzito Usio na Krimu

Ukiagiza spaghetti alle vongole katika mgahawa wa Kiitaliano unaojiheshimu, awe mpishi wa Napoli au wa Venezia, ukiacha chumvi hatatumia zaidi ya vitu saba: tambi, vongole (kombe wadogo wa magamba mawili), mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, parsli, pilipili kidogo na pengine divai nyeupe. Hatii krimu, siagi wala unga. Hata hivyo mchuzi hufika mezani ukiwa mzito, unang'aa, umeshikamana na kila uzi wa tambi. Uzito huo una chanzo chake, na kukijua ndiko kunakomtenga fundi na mpishi anayebahatisha.

Chanzo chenyewe ni wanga wa tambi. Sheria ya Italia ya mwaka 1967 iliagiza tambi kavu zitengenezwe kwa ngano ngumu, ambayo protini yake huufunga wanga usimwagike wote majini. Ngano peke yake haitoshi. Huko Gragnano, mji ulio karibu na Napoli ambao tambi zake zililindwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2013, unga uliokandwa husukumwa kupitia matundu ya bronzi, kisha tambi hukaushwa taratibu. Bronzi huacha ngozi ya tambi ikiwa na mikwaruzo, na ngozi hiyo hutoa wanga wa kutosha na kuukamata mchuzi. Tambi zilizopitishwa kwenye tefloni hutoka laini, na mchuzi huteleza juu yake.

Upande wa pili ni vongole. Hawa huishi mchangani, kwa hiyo kwanza hulowekwa kwa saa kadhaa katika maji baridi yenye chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita, sawa na bahari, ili wateme mchanga. Kisha hutiwa kwenye kikaango chenye mafuta ya moto na kitunguu saumu, hunyunyiziwa divai na kufunikwa. Baada ya dakika chache magamba hufunguka. Hapo mpishi hana nafasi ya kuzubaa: kila anayefunguka aondolewe, kwa kuwa akizidi kukaa motoni nyama yake hukakamaa. Asiyefunguka hutupwa. Maji waliyoyaacha huchujwa kwa kitambaa, nayo ndiyo roho ya chakula hiki. Kwa kuwa yana chumvi ya bahari, maji ya kuchemshia tambi yatiwe chumvi pungufu ya ile gramu 10 kwa lita iliyozoeleka.

Sasa pande mbili zikutane. Tambi huopolewa dakika mbili au tatu kabla hazijaiva na kumalizikia kwenye kikaango, ndani ya maji ya vongole, pamoja na upawa wa maji zilimochemkia. Mpishi hutikisa na kurusha bila kusita. Mafuta hupasuka kuwa matone madogo sana, na wanga ulioyafanya maji kuwa mazito huyazuia matone hayo yasirudiane. Kazi hii Waitaliano huiita mantecare. Moto hupunguzwa, vongole hurudishwa mwishoni, na sahani huondoka jikoni papo hapo. Migahawa hupata urahisi mmoja: sufuria yao huchemsha tambi awamu baada ya awamu, maji yakajaa wanga. Nyumbani, tumia maji machache upate matokeo yaleyale.

Mbinu haibadiliki, kinachobadilika kwa majira ni vinavyoingia kikaangoni. Masika ya Ulaya huleta asparagasi na njegere mbichi, na katika wangwa wa Venezia huja moeche, kaa waliojivua gamba wakabaki laini, ambao hupatikana tena vuli. Vongole nao wana historia yao: wengi wanaoliwa Italia leo ni wa jamii ya Asia iliyoletwa katika wangwa huo mwaka 1983. Mwaka 2023 kaa wa buluu, mgeni mwingine, aliwashambulia vibaya katika delta ya mto Po na kuwatia hasara wafugaji wa vongole. Mgahawa makini hufuata hali hiyo na kubadili orodha yake.

Jambo hili linatuhusu sisi wa pwani pia. Malindi na Watamu zimeishi na Waitaliano tangu miaka ya 1960, ulipoanza mradi wa anga wa San Marco, na tambi kwa kamba, kaa au pweza ni chakula cha kawaida huko. Majira yetu ni kusi na kaskazi. Kusi ikivuma bahari huchafuka na mashua ndogo hazitoki kirahisi. Kaskazi ikitulia samaki huwa tele. Mpishi anayeiheshimu mbinu ya Kiitaliano hapa aandike orodha yake kwa kufuata pepo hizo, wala asitegemee friza mwaka mzima.

Nawe mlaji, ukimaliza tambi zako tazama chini ya sahani. Ukikuta mafuta yamejitenga na maji, mpishi aliharakisha. Ukikuta mchuzi kidogo ulioshikana, wenye ladha ya bahari, mpe pongezi zake, kwani amefanya kazi ngumu kwa vitu vichache.