Fundi Anayeusoma Mlima

Mchongaji wa Tabaka ana jina lake. Jiwe lake laini limepanda ndege, limekaa kwenye meza za watu ambao hawatafika Kisii maishani. Lakini kwenye milima hii hii ya Gusii kumekua ufundi mwingine ambao haujapata wa kuusifu: ufundi wa kuingiza intaneti nyumbani, na kuitafuta inapopotea. Mimi nausifu, tena bila kupunguza.

Mtihani wa kwanza ni ardhi yenyewe. Toka Kisii mjini upande Keroka, ushike njia ya Nyansiongo upande wa Nyamira, tambarare utaitafuta. Boma hili liko mgongoni mwa kilima, lile ng'ambo ya bonde, na katikati ni migomba, chai na mikaratusi. Mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 hivi, na maji huyanyonya. Jani la mgomba limejaa maji. Bati nalo halinyonyi, huyarudisha yalikotoka. Ndiyo maana ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni sebuleni hushindwa kufika kwenye saiga, kijumba cha kijana kilicho palepale uani, chenye kuta za mabati.

Fundi mzuri akiitwa hapo haanzi kwa kuuza ruta ya pili. Huzunguka boma kwanza, akauliza ukuta huu una nini ndani, dirisha lile linatazama wapi. Kisha huihamishia ruta dirishani, juu kidogo, mahali pa wazi, na mara nyingi kazi huishia hapo. Malipo yake huwa madogo kuliko ya yule aliyeuza kifaa. Kwangu mimi uaminifu huo ni nusu ya ufundi.

Kazi ya kuvusha mtandao bondeni, kutoka kilima hadi kilima, ndiyo inayomtofautisha fundi na mfungaji wa nyaya. Wengi hudhani antena zikionana basi yamekwisha. Sivyo. Kwa umbali wa kilomita 2, mawimbi ya gigahezi 5.8 hutanuka katikati ya safari hadi karibu mita 5 kila upande wa ule mstari wa macho. Kitu kikiingia sana kwenye nafasi hiyo, mtandao hulegea hata kama antena bado zinaonana. Na huku kwetu mkaratusi haukawii kurefuka. Basi fundi anayejua atasimama juu ya paa, aangalie shamba la bondeni, aulize: ile miti ni ya nani, na anapanga kuikata lini? Hakuna kitabu cha kifaa kilichoandikwa swali hilo.

Halafu kuna mvua, ambayo Gusii haina haja ya kutangazwa. Watu husema, "Netiwaki imekatwa na mvua." Kwa umbali mfupi kama huu, matone yenyewe hayawezi kuyazuia sana mawimbi hayo. Kinachoumiza ni majani yaliyolowa, au maji yaliyoteleza kwenye kebo hadi kwenye kiungio na kuanza kukila kidogo kidogo. Dawa yake ni kuiacha kebo ining'inie kidogo chini ya tundu la ukuta kabla haijapanda kuingia, ili maji yadondoke pale pale. Haigharimu chochote, na inaokoa vifaa.

Mtandao ukigoma, utazame mkono wa fundi. Haubahatishi. Anaijaribu ruta iliyo mbele yake, kisha antena ya ng'ambo, kisha anwani ya mbali, mwisho kabisa jina la tovuti. Programu ndogo anayoitumia, ping, iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983, na hadi leo hakuna swali fupi kuliko lile: upo? Ruta ikijibu na ng'ambo ikanyamaza, hatafuti tena ndani ya nyumba. Kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, anajua imeomba namba na hakuna aliyeipa. Anwani ya mbali ikijibu lakini tovuti zikakataa kufunguka, mkosa ni ile huduma ya kutafsiri majina. Kila jibu linafunga mlango mmoja, naye anasogea.

Tena mtazame akikata kebo. Nyuzi nane, kila rangi mahali pake: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Anazinyoosha kwa kidole gumba, anazikata sawasawa, anazisukuma hadi zigonge mwisho wa plagi, ndipo anabana. Uzi mmoja usipofika, kebo nzima inaweza kufanya kazi leo na kukataa kesho, na hilo ndilo kosa gumu kuliko yote kulipata.

Kabla hajaondoka, kuna neno la mwisho. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na milima yetu imo. "Mama, ukiona wingu la mvua linajikusanya, kabla halijaanza kunguruma, ng'oa plagi ya stima, na huu waya wa antena pia." Wengi hung'oa stima tu, ilhali ile kebo ndefu ya shaba inayotoka juu ya paa ni njia nyingine ya radi kuingia. Ngurumo ikishasikika, waya hauguswi tena. Ningependa kila fundi ampe mama mwenyewe aung'oe na kuurudisha mbele yake, mara mbili, kabla ya kukunja vifaa vyake.