Friji Iliyolazwa Njiani

Mjini Kamembe, kama ilivyo Rwanda nzima, mitumba inaitwa caguwa. Ni neno letu, chagua, lililovuka mpaka likavaa matamshi ya Kinyarwanda. Wazambia nao wanasema salaula, kwa Kibemba, wakiwa na maana hiyohiyo ya kupekua rundo. Nguo imepewa jina la kazi ya mnunuzi: kuinama juu ya fungu, kupindua mshono, kuinua suruali kwenye mwanga uone kama ina tundu. Shati ulilolichagua likichanika kesho, humrudii mwenye meza. Macho yalikuwa yako, na hakuna aliyekuharakisha.

Biashara ya simu imeondoa kazi hiyo na kuacha bei peke yake. Tuseme mama mmoja mwenye kibanda cha soda na maziwa hapo Kamembe ameona picha tatu za friji iliyotumika kwenye WhatsApp. Muuzaji yuko Kigali. Akiulizwa kama ni nzima, anajibu kwa ujumbe wa sauti: "Nzima kabisa, mama, haijawahi kufunguliwa." Pesa zinatumwa kwa MoMo, malipo ya simu. Friji inapakiwa, inavuka msitu wa Nyungwe, zaidi ya kilomita 200 za kona na milima, inashushwa jioni na kuchomekwa kwenye soketi. Inanguruma dakika chache, inanyamaza. Asubuhi soda ni za moto kama zilivyolala.

Mfano huu nimeutunga, ila nimeutunga kwa vipande ambavyo kila mwenye duka anavijua. Kila mtu atauliza kwanza nani alipe. Mimi naona swali la kwanza ni la ufundi: iliharibika lini? Nyakati ni tatu: ikiwa bado kwa muuzaji, njiani, au kwenye soketi ya mnunuzi. Kila wakati una mtu wake wa kubeba hasara, na chuma chenyewe kikisomwa vizuri husema mengi.

Komprasa ya friji ya nyumbani ni chungu cha chuma kilichochomelewa pande zote. Ndani mna mota na pampu zilizokalia springi, na mafuta yaliyotuama chini. Friji ikilazwa, mafuta yanaweza kutiririka na kuingia kwenye mabomba. Ikisimamishwa na kuwashwa papo hapo, pampu inasaga bila mafuta ya kutosha, au inajikuta inasukuma kimiminika mahali ilipotengenezwa kusukuma mvuke. Ndiyo maana mafundi wanasisitiza isimame wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa, na kama ililala safari nzima, hata siku nzima. Aliyeilaza ni mwenye gari. Aliyeiwasha kwa haraka ni mnunuzi. Na muuzaji aliyejua itasafiri mbali akanyamaza, kwa maoni yangu, naye ana sehemu yake.

Fundi anayejua kazi haanzi kwa kutangaza kwamba komprasa imekufa. Anatoa kifuniko cha ubavuni, anakutana na pini tatu, anapima ukinzani kwa mita. Kati ya pini tatu kuna vipimo vitatu, na kile kikubwa kinapaswa kuwa jumla ya viwili vidogo. Vikikubaliana hivyo, na hakuna pini inayoonyesha njia ya umeme kwenda kwenye mwili wa chuma, basi waya za mota ni nzima. Huenda kilichoungua ni rilei ya kuwashia, kidude kidogo ambacho bei yake haifiki hata robo ya ugomvi unaotaka kuzuka. Nasisitiza hili kwa sababu kesi nyingi za vifaa vilivyotumika zinaharibika hapa: watu wawili wanavunjiana heshima kwa siku kumi juu ya mashine nzima, kumbe kilichoungua ni kidude cha kubadilisha kwa dakika tano.

Mita ikisema mota imekufa, au friji inanguruma bila kupoza, usomaji unahamia kwenye mabomba. Friji inapotoka kiwandani, mrija wa kujazia gesi huminywa na kufungwa kwa kuchomelewa. Ukikuta mrija huo una vali ndogo ya kujazia, jua kuna fundi aliyewahi kuufungua mfumo. Sentensi ya "haijawahi kufunguliwa" imeanguka hapo, wala hahitajiki shahidi mwingine. Kama gesi imevuja, angalia alama yenyewe. Mafuta yaliyoshikwa na vumbi jeusi kwenye kiungo cha bomba ni uvujaji wa zamani. Mkunjo wenye shaba inayong'aa ni wa jana au juzi, na jana friji ilikuwa garini. Soma pia kibati cha nyuma chenye jina la gesi: R600a, au R134a, gesi ya kundi lile ambalo mataifa yalikubaliana kulipunguza, tena hukohuko Kigali, Oktoba 2016. Aina ya gesi inabadilisha gharama ya matengenezo, na gharama hiyo ndiyo itakayojadiliwa mwishoni.

Baada ya chuma, simu. Sheria ya Rwanda Namba 18/2010 kuhusu ujumbe na miamala ya kielektroniki haikatai ujumbe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini ushahidi wa namna hii ni dhaifu kwa njia zake. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza tarehe na taarifa nyingine zilizobebwa ndani ya faili. Ikitumwa kama dokumenti hubaki nazo. Ujumbe unaweza kufutwa na aliyeutuma. Ule ujumbe wa sauti wa "nzima kabisa" ndio moyo wa kesi ya mama wetu, kwa hiyo aupakue na kuuhifadhi nje ya mazungumzo siku hiyohiyo, kabla hajaandika neno lolote la hasira. MoMo nayo inasaidia kuliko watu wanavyodhani: kabla ya kuthibitisha malipo, jina la mpokeaji huonekana, na laini zimesajiliwa kwa vitambulisho. Jina hilo ndilo linalomgeuza "muuzaji wa mtandaoni" kuwa mtu mwenye mji na mtaa.

Mahali ndipo penye fundo. Rwanda ina kamati za abunzi, wapatanishi wa kujitolea, wasiolipwa mshahara, saba katika kila akagari, yaani seli ya utawala, na wengine saba kwenye umurenge, sekta iliyo juu yake, kwa ajili ya rufaa. Jina linatoka kwenye kitenzi cha Kinyarwanda kunga, ndugu wa kuunga kwetu. Zilianzishwa kwa sheria ya 2004, na sheria ya 2016 inazipa madai ya mali isiyozidi faranga milioni 3. Friji, simu, televisheni, pikipiki chakavu, vyote vinaingia humo. Dai lililo chini ya mamlaka yao halipokelewi mahakamani kabla halijapita kwao. Watatu huketi, husikiliza pande zote, hujaribu kwanza kupatanisha, na wakishindwa huamua. Asiyeridhika hupanda umurenge, kisha Mahakama ya Mwanzo.

Kama muuzaji anakaa Kamembe, mfumo huu ni hodari. Si kwa sababu abunzi wanajua komprasa. Hilo atawaeleza fundi. Ni kwa sababu muuzaji ataonana nao kesho sokoni, na atakutana nao tena kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ana uso wa kupoteza. Mtu wa Kigali aliyepokea pesa Jumanne hana uso huo Kamembe. Hapigi kambi kwenye baraza la akagari la watu asiowafahamu. Kuna Mamlaka ya RICA, iliyoundwa kwa sheria ya 2017, inayoshughulikia ushindani na ulinzi wa mlaji, lakini hapo unamzungumzia mfanyabiashara. Mtu wa kawaida aliyeuza friji ya jikoni kwake ni jambo jingine. Na kama friji haikuwepo kabisa, picha ziliibwa na namba imezimwa, hilo si kasoro ya bidhaa, ni utapeli, na mlango wake ni RIB, Ofisi ya Upelelezi. Kuchanganya milango hii kunapoteza wiki zenye thamani.

Vuka sasa daraja la mto Rusizi uingie Bukavu, Kongo, na sheria inabadilika. Huko mkataba wa mauzo bado unasimama juu ya dekrii ya 30 Julai 1888, iliyofuata mfano wa Kifaransa na Kibelgiji: muuzaji anawajibika kwa kasoro iliyofichika inayoifanya bidhaa isifae kwa kazi yake, hawajibiki kwa ile iliyo wazi machoni. Mnunuzi ana hiari mbili: arudishe kitu apewe pesa yake, au abaki nacho arudishiwe sehemu ya bei. Dekrii hiyo iliwahi kutumika Rwanda pia. Rwanda ilitunga sheria yake ya mikataba mwaka 2011, na mwaka 2019 ikafuta kwa sheria moja maandiko yote ya kabla ya uhuru.

Hata hivyo, ile hiari ya pili ndiyo ninayoitetea kwa Rusizi, wilaya ya Kamembe, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Kuirudisha friji Kigali ni kuipitisha tena Nyungwe, kuihatarisha tena, na kufungua ugomvi mpya juu ya nauli. Kupunguza bei kunahitaji karatasi moja: makadirio ya fundi yenye jina la kipuri na ujira wake. Kasoro ya zamani, muuzaji alipe yote. Alama za njiani bila maelekezo yoyote ya usafirishaji, wagawane. Iliwashwa palepale iliposhuka ilhali muuzaji alionya kwa maandishi, mnunuzi abebe mwenyewe. Mgawanyo huu unaheshimu kile chuma kilichosema.

Wachina walilitatua tatizo la umbali kwa kugusa pesa, si bidhaa. Oktoba 2003, muamala wa kwanza wa Alipay kwenye soko la Taobao ulikuwa wa kamera ya Fuji iliyotumika: muuzaji Japani, mnunuzi Xi'an, bei yuan 750. Pesa ziliwekwa amana kwa mtu wa kati hadi kamera ifike na mnunuzi aridhike. Muuzaji alikuwa bado ana cha kupoteza wakati sanduku linafunguliwa. Kamembe jirani ndiye hushika nafasi ya amana; kati ya Kigali na Kamembe hakuna jirani na hakuna amana, na MoMo ikishatumwa iko mkononi mwa mwenzako. Hapo katikati ndipo madai mengi yanapofia.

Basi amana itengenezwe kwa mikono. Karibu kila familia ya Rusizi ina shangazi, binamu au mtoto anayesoma Kigali. Huyo aende na kufanya kazi ya caguwa kwa niaba ya mama: achomeke friji, akae nayo hadi barafu ianze kushika, arekodi kibati chenye namba na mrija wa nyuma katika video moja isiyokatwa. Sehemu ya pesa ilipwe hapo, iliyobaki ilipwe Kamembe baada ya friji kusimama usiku mzima na kuwashwa asubuhi. Na kabla haijapandishwa garini, mlangoni iandikwe WIMA kwa kalamu nene, ipigwe picha, na dereva aweke sahihi kwenye risiti ya mzigo penye neno hilohilo.